Saa nane ni saa ngapi?

Nyanya yule alirudi siku ya Alhamisi, macho mekundu kama mtu aliyeshinda mekoni akipuliza kuni mbichi. Mjukuu wake, ambaye Jumatatu aliletwa mgongoni akiwa hajiwezi, sasa alikuwa amesimama mwenyewe kando ya dirisha langu la dawa, akijaribu kubandua tangazo la chandarua ukutani. Nilifurahi. Nikamuuliza nyanya habari za mtoto, akasema mzima, anakula kumliko yeye. Nikamuuliza habari zake.

"Dawa yako ni nzuri, daktari," akasema, "lakini hiyo saa nane yako imenimaliza."

Sikumwelewa mara moja. Akafungua fundo la leso, akatoa pakiti ya manjano ya AL, dawa ya malaria, tupu, tembe zote sita zimetolewa, akaiweka kwenye kaunta kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. Kisha akanieleza. Jumatatu saa tano asubuhi mtoto alimeza tembe ya kwanza mbele yangu. Nami nikasema maneno niliyokuwa nikimwambia kila mtu: "Ya pili umpe baada ya saa nane. Halafu kesho na kesho kutwa, mara mbili kwa siku, na ufuate saa zilezile, usibadilishe." Nyanya akaenda nyumbani, akangoja redio itangaze saa nane mchana, akampa mtoto tembe ya pili. Na kwa kuwa niliagiza saa zilezile, akamwomba kijana wa jirani amtegee simu ilie saa nane usiku. Usiku mbili mfululizo aliamka gizani, akamkalisha mtoto aliyejaa usingizi, akamkorogea tembe kwenye kijiko cha maziwa, akambembeleza mpaka ikashuka. Kwa hofu ya kupitiwa, simu ilipolia ilimkuta macho tayari.

Nilichokusudia mimi ni kwamba zipite saa nane kwanza, yaani ampe saa moja jioni. Alichosikia ni saa nane. Nani atamlaumu? Nilisema saa nane.

Ukipiga hesabu, tembe ya pili iliwahi kwa saa tano. Zilizobaki alizitoa zikiachana saa kumi na mbili kamili, bila kuruka hata moja, jambo ambalo walimu na makarani wanaopita hapa dirishani hawaliwezi. Mtoto akapona. Aliyeumia ni nyanya, na aliyemuumiza ni mimi, kwa sentensi moja ya Kiswahili ambayo nilikuwa nimeisema maelfu ya mara bila kuisikia.

Ninafanya kazi famasia, katika kituo cha afya cha serikali kwenye uwanda wa Kano, magharibi mwa Kenya, si mbali na mashamba ya mpunga ya Ahero. Wagonjwa huniita daktari. Udaktari sikusomea, nilisomea kutoa dawa, ila nilichoka kukanusha zamani sana. Kwetu ni Nakuru, mji ulio juu, karibu mita 1,850, ambako malaria ni ugonjwa wa mtu aliyesafiri: ukienda hospitali na homa, swali la kwanza ni ulikuwa wapi wiki mbili zilizopita. Utotoni niliijua malaria kwa sababu ya likizo za Desemba kwa nyanya yangu huku Kano. Nilikuwa ninarudi shule Januari na homa, nikipewa klorokwini: tembe nyingi siku ya kwanza, nyingi siku ya pili, chache siku ya tatu, na usiku kucha mwasho kama umelala juu ya upupu. Watoto wa rika langu wakisikia neno klorokwini hadi leo hujikuna.

Nilipoajiriwa huku mwaka 2007, klorokwini ilikuwa imestaafu kitambo. Serikali iliiacha mwaka 1998 kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea, ikashika SP, ambayo watu wote waliita Fansida. Hiyo nayo ikachoka. Mwaka 2004 ikatangazwa kwamba dawa ya kwanza sasa ni AL, na mwaka 2006 ndipo AL ilipoanza kufika kwenye vituo vyetu. Nimezitaja tarehe hizi kwa sababu ya kitu kimoja ambacho Fansida ilitufundisha, na ambacho bado hakijatutoka: tembe tatu kwa mpigo, glasi ya maji, kwisha. Hakukuwa na maelezo. Hakukuwa na kesho. Mgonjwa alimeza mbele ya nesi, akafuta mdomo, akaenda zake.

AL haitaki hivyo. Tembe moja ina miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini. Mtoto wa kilo 5 hadi 14 humeza tembe moja kila mara, wa 15 hadi 24 mbili, wa 25 hadi 34 tatu, na kuanzia kilo 35 kwenda juu nne. Na wote, mkubwa kwa mdogo, humeza mara sita ndani ya siku tatu: sasa hivi, baada ya kupita saa nane, halafu asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Artemetha hupiga kwa nguvu na kutoka mwilini upesi, saa chache tu. Lumefantrini ni ya polepole, hukaa siku kadhaa ikifagia vimelea vilivyobaki. Ndiyo maana homa huweza kushuka siku ya pili tu, na ndiyo maana siku hiyohiyo ya pili ndiyo ya hatari. Mtu amepata nafuu, mpunga unangoja, ndege wanaangukia shamba. Nani atakumbuka tembe?

Sasa niwaambie habari za mtu wa boda boda.

Alikuja siku ya tisa baada ya kupewa dawa, homa imerudi, meno yanagongana juani. Mkononi alikuwa na bahasha yetu ndogo ya dawa, na ndani yake tembe 16. Hakuzificha. Alinikabidhi kwa fahari ya mtu mwaminifu: "Dozi nilimaliza, daktari. Hizi zilibaki, nikaona nizirudishe zisaidie wengine."

Nikaitazama bahasha. Imeandikwa kwa mkono wangu: AL 4 × 2 × 3/7.

Kwetu sisi wa kazi hiyo ni lugha. Nne, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Ile saba chini ya mstari ni siku za wiki. Nikamwomba anisomee yeye alivyoelewa. Akasoma vizuri sana: "Nne, mara mbili, kwa siku tatu." Basi siku ya kwanza akameza nne. Siku ya pili akapumzika. Siku ya tatu akameza nne. Mara mbili kwa siku tatu! Nne mara mbili ni nane, ishirini na nne ukitoa nane zinabaki kumi na sita. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, na Kiswahili chake pia. Tukae tu tuitazame sentensi hiyo: "nne mara mbili kwa siku tatu." Hilo neno "kwa" linabeba mizigo miwili na halimwambii mtu ni upi. Mimi nilijua maana kwa sababu niliijua tangu chuoni, si kwa sababu sentensi inasema.

Daktari wa zamu alimpeleka maabara apimwe kwa hadubini, si kwa kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole. Hilo lina sababu. Kipimo cha haraka hakitafuti kimelea chenyewe, hutafuta protini ambayo kimelea huiacha kwenye damu, na protini hiyo yaweza kukaa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtu aliyepona anaweza kuonyesha mstari. Hadubini ilionyesha vimelea hai, akaanzishiwa dozi upya, na safari hii nilimwandikia kwa maneno, kwa peni ya marka, juu ya pakiti yenyewe: LEO SAA HIZI 4. LEO USIKU 4. KESHO ASUBUHI 4. KESHO JIONI 4. Na kadhalika hadi mistari sita. Akaicheka. "Sasa hii ndiyo lugha," akasema.

Tembe 16 alizorudisha tuliziingiza kwenye hesabu ya dawa za kuharibiwa. Angekuwa mtu wa kawaida asingezirudisha. Angeziweka juu ya kabati, na mwezi wa saba, watoto wakianza kuchemka baada ya mvua za masika, angempa mmoja mbili, mwingine mbili, jirani nne. Nyumba nyingi huku zina akiba ya namna hiyo, na siyo kwa ujinga. Ni watu waliowahi kufika kituoni wakaambiwa dawa zimeisha. Lakini hizo dozi za nusu ndizo zinazovipa vimelea nafasi ya kujifunza. Rwanda na Uganda zimeshaonekana aina za vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemisinini, tafiti zake zikichapishwa mwaka 2020 na 2021. Kutoka Kisumu hadi mpaka wa Busia ni safari ya asubuhi moja kwa matatu, na mbu hana pasipoti.

Narudi kwenye saa, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Shuleni Nakuru mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akituchapa kwa neno "masaa". Wingi wa saa ni saa, alisema, masaa ni ya watu wa sokoni. Nami nikalikwepa neno hilo maisha yangu yote kama mtu mwenye adabu zake. Matokeo yake, kwa miaka mingi niliwaambia wagonjwa "baada ya saa nane" kwa Kiswahili safi kinachomwelekeza mtu kwenye uso wa saa ukutani badala ya vidole vyake vya kuhesabia. Wauza sokoni walikuwa wameshalitatua jambo: saa nane ni wakati, masaa manane ni muda. Mwalimu anisamehe huko aliko. Dirishani kwangu sasa ni masaa. Na usifikiri Dholuo, lugha ya Wajaluo wa huku, kitakuokoa, kwa sababu nacho hufuata saa yetu hii ya kuanzia alfajiri; "sa aboro" ni mtego uleule. Tatizo tumelibeba wenyewe katika namna tunavyohesabu siku, na karatasi ya mwongozo, iliyofikiriwa kwa lugha ya watu wanaoita saa nane yetu saa mbili, haina habari nalo.

Hata hivyo "masaa manane" peke yake haitoshi, maana inamwachia mgonjwa mwenye homa kazi ya kujumlisha. Jaribu kujumlisha nane kwenye saa saba na nusu ukiwa na joto la nyuzi 39. Kwa hiyo sasa ninajumlisha mimi. Akimeza saa nne asubuhi, ninamwambia saa kumi na mbili jioni, jua likizama.

Shida ni kwamba wachache humeza saa nne asubuhi. Fuata mgonjwa mmoja uone. Anafika saa moja, anapanga laini ya kujiandikisha na kile kidaftari chake cha dukani kinachobeba historia yake yote ya ugonjwa. Anapimwa uzito, kama mizani inafanya kazi. Kwa miezi kadhaa yetu ilikuwa ikimwonyesha kila mtoto kilo tisa, akina mama wakacheka kwamba serikali imewasawazisha. Anaingia kwa daktari, anatumwa maabara. Kipimo chenyewe hutaka robo saa au zaidi kidogo kabla ya kusomwa, lakini maabara ina mtu mmoja na foleni yake. Anarudi kwa daktari na karatasi. Anaandikiwa. Anakuja kwangu. Ni saa tisa alasiri. Tembe ya kwanza akimeza saa tisa, ya pili inaangukia saa tano usiku, wakati huku kwetu mtu mzima amelala na mtoto amelala zaidi. Kwa hiyo tembe ya pili ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kinachoirusha ni foleni yetu, tukisha tunasema mgonjwa hafuati maagizo.

Mimi huwaambia wazi: leo usilale kabla ya kumeza ya pili, hata kama ni saa tano. Na mtoto aamshwe. Mwenye kutaka kubishana nami kuhusu usingizi wa mtoto aje nimkutanishe na nyanya.

Kuna habari ya chakula pia. Lumefantrini hupenda mafuta. Ukiimeza tumbo likiwa na kitu chenye mafuta, mwili huipokea vizuri zaidi. Zamani nilisema "umeze baada ya kula vizuri." Kumbe nimewafungia watu mlango. Mwenye malaria hana hamu ya chakula, na nyumba nyingine siku hiyo ina strungi na kiporo cha ugali tu. Mama mmoja alimkalisha mwanawe siku nzima na njaa ya dawa, akisubiri baba alete samaki ili mtoto ale "vizuri" kwanza. Sasa ninasema vitu vyenye majina: maziwa kidogo, njugu karanga kiganja kimoja, kipande cha parachichi, omena wa kukaanga. Mtoto anayenyonya, titi linatosha. Na kama hakuna chochote, meza hivyohivyo, usingoje samaki.

Tembe ya kwanza inatakiwa imezwe hapahapa kituoni, tukiona, mgonjwa akae nusu saa. Akitapika ndani ya hiyo nusu saa, anarudia. Tulikuwa na mtungi wa maji na vikombe vya plastiki kwa kazi hiyo. Mwaka 2020, wakati wa Korona, vikombe viliondolewa, na hakuna aliyevirudisha mpaka nilipovinunua mwenyewe sokoni Ahero. Jambo dogo la vikombe sita! Lakini bila kikombe, tembe ya kwanza inakwenda nyumbani, na ikienda nyumbani hujui imemezwa lini, na zile saa nane hazina pa kuanzia. Na mtoto akitapika na kurudia, pakiti inabaki pungufu kwa tembe moja, hivyo lazima nimwongeze. Rejista yetu ina safu ya kila kitu isipokuwa tembe iliyotapikwa. Mwisho wa mwezi ninaandika kando, kwa herufi ndogo, nikitumaini msimamizi ana watoto.

Kuhusu kupima sitakaa sana, ingawa ndiko maneno mengi yanakopigwa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila mtu apimwe kabla ya kupewa dawa, na mwongozo wetu wa Kenya ukafuata. Hoja ni rahisi. Katika eneo hili la ziwa, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta vimelea kwa watoto 27 kati ya kila 100. Ule wa 2020 ulikuta 19. Ni wengi bado kuliko kwingineko nchini, lakini maana yake ni kwamba homa nyingi zinazoingia kituoni siyo malaria. Ni kifua, ni mkojo, ni virusi vya kupita. Ukimpa AL mtoto mwenye nimonia umemnyima siku tatu ambazo huenda hana.

Lakini mtu akikaa dirishani na karatasi mbili mkononi, moja ya maabara inayosema hakuna malaria, nyingine ya daktari inayosema AL, ndipo anapojua kwamba mwongozo ni kitu kimoja na mtu ni kitu kingine. Wagonjwa husema, "Mwili wangu naujua." Daktari kijana, mwenye watu arobaini nje ya mlango, hapendi kubishana na mzee wa rika la baba yake. Anaandika. Nimewahi kunyamaza na kutoa, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Siku hizi ninatoka, ninabisha mlango wake, ninasema, "Samahani daktari, hii karatasi nimeshindwa kuisoma," na karatasi tunaijua sote wawili kwamba inasomeka. Huwa anacheka, anamwita mzee tena, anamsikiliza kifua. Siyo kila daktari. Kuna mmoja aliniambia nirudi kwenye dirisha langu.

Kisha kuna siku pakiti za manjano zinapoisha na za kijani zipo. Hapo tunashika mkasi, tunakata karatasi ya mtu mzima yenye tembe 24 kupata dozi nne za watoto wadogo. Dawa ni ileile, hakuna kosa. Kinachopotea ni michoro ya pakiti inayoonyesha siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama anaondoka na kipande cha bati chenye tembe sita na maneno yangu tu. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Wakati mmoja za kijani ziliisha, tukampa mtu mzima pakiti nne za manjano. Akaenda nyumbani, akatazama michoro kwa makini, akafuata: tembe moja moja. Dozi ya mtoto wa miezi, ndani ya mwili wa mvuvi. Nilimwambia nne kwa mpigo, picha ilimwambia moja, akaamini picha. Hata mimi ningeamini picha.

Wanaolazwa hospitalini kwa malaria kali nao hutoka wamechomwa sindano za artesuneti, wakidhani sindano imemaliza kazi. Haijamaliza. Ni lazima wafuatishe AL kamili ya siku tatu. Wengi huja kwangu na barua ya kutolewa ambayo hakuna aliyewasomea.

Na kabla hujasema hawa wagonjwa, niambie mimi. Mwaka 2013 nilipata malaria, nikajihudumia mwenyewe, AL tembe nne nne. Wiki mbili baadaye, nikifua koti langu jeupe, vidole vikakutana na kitu kigumu mfukoni: tembe nne katika bati lake. Dozi ya mwisho. Nilikuwa nimeibeba niimeze kazini, nikashinda siku nzima nikiwahimiza watu wamalize dawa, nikasahau ya kwangu. Sikuwa na kisingizio cha lugha.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda kuliko yote, uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Lancet. Watafiti walichukua vituo 107 vya vijijini hapa Kenya, na kwa miezi sita wakawatumia wahudumu wa baadhi ya vituo ujumbe mfupi wa simu kuwakumbusha namna ya kuwahudumia watoto wenye malaria: pima uzito, tembe ya kwanza imezwe hapa, mweleze mama kuhusu kutapika. Hakukuwa na semina wala posho ya chakula cha mchana. Waliofanya kazi ipasavyo wakaongezeka kwa karibu nukta 24 za asilimia, na miezi sita baada ya ujumbe kukoma bado walikuwa wameongezeka kiasi hichohicho. Wakubwa wetu wanapenda semina, hoteli za Kisumu zina ushahidi. Lakini utafiti ule ulinishawishi kwa sababu uliwashuku watu wanaostahili kushukiwa, yaani sisi. Kitu tunachokijua vizuri mno ndicho tunachoacha kukisema.

Sasa utaratibu wangu ni mmoja. Nikishamaliza kueleza, ninamwambia mgonjwa: "Hebu niambie mimi, kama unamwelekeza mtu wa nyumbani." Kisha ninafunga mdomo, jambo gumu kuliko yote. Inachukua kama dakika moja. Kwa siku yenye wagonjwa 60 hiyo ni saa nzima, na foleni hulalamika, na mkubwa wa kituo amewahi kuniuliza kama ninaendesha famasia au darasa la ngumbaru.

Nyanya bado anakuja, siku hizi kwa ajili yake mwenyewe. Ana presha, huchukua dawa kila mwezi. Hukaa kwenye benchi la mbele, leso mapajani, hata akishapewa dawa haondoki upesi. Juzi mwanafunzi aliye kwetu kwa mafunzo alikuwa dirishani badala yangu, akamwambia mama kijana mwenye mtoto, kwa sauti nzuri na adabu zote, "Ya pili umpe baada ya saa nane."

Mama kijana akaitikia kwa kichwa, akaanza kufunga mtoto mgongoni. Kutoka kwenye benchi ikasikika sauti.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Muulize huyo, ni saa nane ya redio au saa nane ya vidole?"